Kutoka Sakafu Hadi Sakafu: Kueleza Kimo cha Ghorofa kwa Kiingereza

Mada ya semina ya wafasiri na waandishi wa ripoti za ujenzi

1. Utangulizi



Fundi akisema "ghorofa ina mita tatu", wenzake walio naye kazini wanamwelewa, maana wanakiona kinachopimwa. Anayeisoma ripoti ofisini hakioni. Hoja yangu ni kwamba Kiingereza kizuri cha vimo vya ghorofa hutaja kipimo kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Mfasiri akishayajua hayo mawili, maneno yenyewe hayamsumbui.

2. Idadi na mahali

Kwa wengi wetu, nyumba ya ghorofa moja ina sehemu ya chini na ghorofa moja juu yake. Ukiandika "a one-storey house", Mwingereza ataelewa nyumba ya chini tu, isiyo na ngazi. Andika "a two-storey house", kwa kuwa "storey" huhesabu na sehemu ya chini. Neno hili likitangulia nomino halichukui wingi: "a five-storey building". Likifuata kitenzi huchukua: "the building is five storeys high". Wamarekani huandika "story" na "stories".

Kuhusu mahali, "first floor" ya Uingereza iko juu ya "ground floor", ilhali Marekani kwa kawaida ndiyo ya chini yenyewe. Wahandisi huukwepa mkanganyiko huu kwa kuandika G+1 au G+4. Kwa msomaji asiye wa fani, ufupisho huo ufafanuliwe.

3. Kimo

Sentensi "the second floor is 3.2 metres high" ina utata: je, ni nafasi ya ndani ya ghorofa hiyo, au ni umbali wa sakafu yake kutoka ardhini? Kiingereza kina njia tatu za kuuondoa:

(a) "The floor-to-ceiling height is 2.7 metres": kutoka sakafu hadi dari ya chumba hicho hicho.

(b) "The floor-to-floor height is 3.2 metres": kutoka uso wa sakafu hadi uso wa sakafu inayofuata juu. Hapa zege la slabu limo, pamoja na nafasi ya mabomba na nyaya iliyofichwa na dari.

(c) "The second floor is 6.4 metres above ground level": sakafu ilivyo juu ya usawa wa ardhi.

Tofauti ya (a) na (b) si ya wanasarufi peke yao. Chukua ngazi ya chuma inayotengenezwa karakana. Kwa mita 3.2 inahitaji kupanda mara 20, kila mara milimita 160. Mfasiri akimpelekea fundi kipimo cha dari, mita 2.7, ngazi italetwa ikiwa fupi kwa nusu mita, na hakuna atakayefika juu bila kuruka.

4. Majengo marefu

Utata huo huo hukua pamoja na jengo. Burj Khalifa ya Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2010, ina mita 828 hadi kileleni, lakini ghorofa yake ya juu kabisa inayotumika iko kwenye mita 585 hivi. Ukigawanya 828 kwa ghorofa zake 163 utapata zaidi ya mita 5 kwa kila ghorofa, kumbe umeugawa na mnara mtupu. Ndiyo maana vipimo vya kimataifa hutenganisha kilele cha usanifu na "highest occupied floor".

5. Mapendekezo

Kwanza, ripoti ichague mtindo wa Uingereza au wa Marekani na kuutaja mwanzoni. Pili, neno "high" lisiachwe peke yake kwenye sentensi ya ghorofa. Tatu, matini ya Kiswahili isipobainisha, mfasiri asikisie: aombe mchoro wa mkato wa jengo, kwani mishale yake ya vipimo inaonyesha kila kipimo kimeanzia wapi na kimeishia wapi.