MZEE ANAPOCHANGANYIKIWA



Ndugu Waislamu wa Katonga, nanyi mnaotusikiliza majumbani, Qurani Tukufu katika Sura An-Nahl, aya ya 70, imekwisha kutueleza kwamba miongoni mwetu wako watakaofikishwa umri ambao elimu ya mtu humtoka. Kwa hiyo jambo hili si geni. Lakini bibi akionekana usiku anatangatanga peke yake, asubuhi mwaloni amekwisha kuitwa mchawi. Kwa dhana kama hiyo vikongwe wameuawa katika nchi yetu.

Tunawaomba mjiulize swali moja kwanza: hali hii ilianza lini?

Mzee aliyehesabu ndoo za dagaa juzi bila kukosea, leo haijui nyumba yake. Mara anasinzia, mara anaweweseka, anazungumza na watu wasiokuwapo. Huyo ni mgonjwa, na apelekwe leo hii kituo cha afya au Hospitali ya Maweni. Yawezekana ni malaria, nimonia, maradhi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, sukari iliyopanda au kushuka, au dawa anazokunywa. Zichukueni zote, na za mitishamba pia. Msingoje homa, maana mzee huweza kuugua sana mwili wake usichemke. Wala msidanganywe na utulivu: aliyenyamaza ghafla na kulala mchana kutwa huenda yu hatarini kuliko anayepiga kelele.

Mwingine hupungua polepole, kwa miezi na miaka. Aliyekuwa akishona nyavu gizani sasa anaushika wavu asijue aanzie wapi. Chenji inampotea, anapotea njia ya kutoka msikitini, anawaita wanawe wezi. Na huyo huyo aweza kuisoma Yasini kwa moyo bila kuteleza, watu wakasema akili yake ni timamu! Ya utotoni hubaki; ya leo asubuhi ndiyo yanayotoka.

Mwaka 2009 na 2010 wataalamu waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Katika kila 100, wapatao 6 walikuwa na maradhi haya. Baadaye kikatengenezwa huko kipimo kisichohitaji kalamu: mzee hutajiwa maneno kumi ayakumbuke baadaye, hutaja wanyama kwa dakika moja, huulizwa leo ni siku gani na daraja ni kitu gani, hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Tumekipenda, kwa kuwa asiyesoma shule haonekani mpungufu wa akili. Hata hivyo mpimaji huwahitaji watu wa nyumbani wamweleze mwenendo wa mzee, na kama anasikia na kuona vizuri, kwani kiziwi hujibu kombo akadhaniwa amerukwa na akili.

Maradhi ya polepole kwa kawaida hayaponi, ila matunzo hupunguza taabu. Aliyepotewa na akili hana dhambi ya sala iliyompita; kumkaripia ni kumtesa bure. Wajukuu wapeane zamu ya kufuatana naye. Na kijana atakayemkuta mzee wa jirani akielekea ziwani usiku, amwamkie kwa heshima, amshike mkono, amrudishe kwao.