Mama wa Mkongo wa Baharini

(Mazungumzo ya mlezi wa kikundi katika maadhimisho ya miaka kumi, Kanyenye, Tabora)



Awali ya yote nawapongeza kwa kutimiza miaka kumi. Nimeombwa nizungumzie mwanamke na ufundi wa kisasa. Nimemchagua Bibi Funke Opeke wa Nigeria, maana habari yake ni ya waya na ni ya mtaji pia, na mtaji ndio ugomvi wetu wa kila mwezi.

Mtakumbuka Mei 2024 intaneti ilivyozorota, hata picha ya mjukuu haifunguki kwenye simu. Kumbe mikongo miwili iliyolazwa chini ya bahari, SEACOM na EASSy, ilikuwa imekatika huko upande wa Afrika Kusini. Zamani habari za pwani zilitufikia Tabora pamoja na mizigo ya wapagazi kutoka Bagamoyo. Siku hizi zinapita kwenye nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Kwetu mkongo wa namna hiyo ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kule Afrika Magharibi, mmoja wa walioileta mikongo hiyo ni huyu mama.

Alisomea uhandisi wa umeme nyumbani Nigeria, akaongeza shahada ya pili Chuo Kikuu cha Columbia, akafanya kazi Marekani miaka mingi mpaka akawa mkurugenzi katika kampuni ya simu ya Verizon. Mwaka 2005 akarudi kwao kuwa mkuu wa ufundi wa MTN Nigeria. Akakuta intaneti ghali tena ya kusuasua. Mkongo ulikuwepo, SAT-3, lakini mlango wake ulishikwa na shirika moja tu la simu. Na duka likiwa moja mtaani, mnajua bei anapanga nani.

Mwaka 2008 akaanzisha kampuni ya MainOne. Hapo ndipo pagumu. Mkongo wa kilomita 7,000 hivi, kutoka Ureno mpaka Accra na Lagos, ulitaka dola milioni 240. Mtu mmoja atazitoa wapi? Zikachangwa. Wawekezaji wa Nigeria wakanunua hisa, mabenki ya huko yakakopesha, Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo ikatia mkono. Kila mmoja akabeba kipande cha hatari. Jamani, huo si upatu, lakini ni ndugu yake! Fedha ikalala chini ya bahari kabla mkongo haujapitisha hata neno moja. Mwaka 2010 ukaanza kazi.

Nalisema hili kwa ajili ya mjadala wa mgao. Wako wanaotaka kila mwisho wa mwaka tugawane zote, sanduku libaki tupu. Mimi siungi mkono. Mama anayetaka mashine ya kukamua alizeti hawezi kuilipa kwa mkopo wa miezi mitatu. Mtauliza, na huyo mmoja akizimeza je? Swali la haki kabisa. Basi tudai daftari lake la mahesabu kabla ya kusaini, na wadhamini wawe wa kweli, siyo mashoga tu.

Mwaka 2022 kampuni ya Marekani, Equinix, ilikamilisha kuinunua MainOne kwa dola milioni 320. Wapo wanaonung'unika, eti mali ya Afrika imeuzwa. Mimi naona mkongo haukung'olewa, uko palepale Lagos. Lakini najua Mweka Hazina hakubaliani nami, na chai imeshaiva, tutabishana huko.