Filimbi Isubiri Mpira

(Hotuba iliyotolewa Didia mbele ya wahitimu na wanafunzi)



Nimeombwa niseme machache juu ya mpira wa wavu. Nimeshika filimbi miaka mingi katika viwanja vya vumbi kati ya Shinyanga na Geita, na ugomvi niliokutana nao zaidi ni huu: mchezaji ameruka wavuni, mpira umegonga mikono yake. Je, amezuia au ameshambulia?

Kuzuia ni kuukinga mpira unaotoka kwa wapinzani, karibu na wavu, huku sehemu ya mwili ikiwa juu ya wavu. Kushambulia ni kuupeleka mpira kwa wapinzani, isipokuwa kwa kuanzisha au kuzuia. Wachezaji 3 wa mbele wana ruhusa ya yote mawili. Wa nyuma hana ruhusa ya kuzuia; na akiwa mbele ya mstari wa mita 3, asiupeleke ng'ambo mpira ambao wote uko juu ya wavu.

Sasa mtazameni mpangaji aliyetoka nyuma, ameruka kuupanga mpira ulio juu ya wavu. Akiugusa kwanza ukavuka, ameshambulia isivyo halali. Mpinzani akiuwahi upande wake, akaupiga ukagonga mikono hiyo iliyo juu, mpangaji amezuia isivyo halali, hata kama nia yake ilikuwa kupanga. Lakini mwenzake akiucheza kabla haujavuka wala kuguswa na mpinzani, hakuna kosa.

Kwa hiyo refa anayepuliza mara aonapo mkono umeinuka, ameadhibu kosa ambalo halijatendeka.

Enzi zetu, timu iliyoanzisha ikikosea ilipoteza zamu ya kuanzisha tu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kila kosa, katika kila seti, ni pointi. Seti ya 5 huishia 15. Filimbi moja ya pupa yaweza kuwanyima vijana kombe walilolitolea jasho.

Vijana, jiulizeni maswali 3: Alikuwa wa mbele au wa nyuma? Nani aliugusa mpira kwanza, na ulikuwa juu ya wavu? Je, umevuka au umeguswa na mpinzani? Mkishapata majibu, pulizeni bila kutazama nani anashangilia, hata ikiwa inayoadhibiwa ni timu ya shule yenu.