Kofia ya Mshtakiwa na Hotuba ya Wakili: Kuandika Kesi kwa Redio na Jukwaa



Mada niliyopewa kwenye warsha hii ya washiriki kutoka Ngara na Biharamulo ni uandishi wa kesi katika mchezo wa kuigiza. Naanzia mbali kidogo, kwenye filamu ya A Free Soul, iliyoongozwa na Clarence Brown kwa kampuni ya MGM mwaka 1931. Sinema ilikuwa imeanza kutoa sauti miaka michache tu kabla, na Hollywood ikaona mahakama ni mahali pazuri pa kuwasemesha waigizaji. Igizo letu la kesi bado linapita njia hiyohiyo: wakili anasimama, anahutubia, watu wanalia, kesi imekwisha.

Kisa chenyewe ni hiki. Stephen Ashe, anayeigizwa na Lionel Barrymore, ni wakili hodari na mlevi wa kutupwa. Anamtetea jambazi Ace Wilfong, yaani Clark Gable, katika kesi ya mauaji na kushinda. Binti yake Jan, yaani Norma Shearer, anampenda jambazi huyo. Baba na binti wanaahidiana: baba aache pombe, binti amwache Ace. Pombe inamshinda baba. Dwight, mchumba wa zamani wa Jan, anampiga Ace risasi, kisha anaficha sababu ili jina la Jan lisichafuke. Ashe anarudi mahakamani, anamsimamisha bintiye kizimbani, anajitwisha lawama zote, anaanguka na kufa papo hapo. Dwight anaachiwa huru.

Uzuri wa filamu hii uko mwanzoni. Upande wa mashtaka unategemea kofia iliyookotwa kwenye tukio. Ashe anaichukua na kumvika mshtakiwa. Haiingii, imekaa utosini kama kibakuli. Hapo hakuna haja ya maelezo, kielelezo kimejisemea. Uzuri wa pili ni ulevi wa Ashe, ambao haukubuniwa hewani. Riwaya iliyozaa filamu iliandikwa na Adela Rogers St. Johns, binti wa Earl Rogers, wakili maarufu wa Los Angeles aliyeharibiwa na pombe.

Udhaifu unaanzia palepale watu wanapoisifia. Barrymore alipata Oscar, na hotuba yake ya mwisho ndiyo inayotajwa hadi leo. Mimi naona hotuba hiyo ni njia ya mkato. Wakili anageuka shahidi wa kesi yake mwenyewe, wala hakuna anayemzuia. Tena inafaa mbele ya juri tu, raia 12 wanaoweza kulainika kwa machozi. Sisi Tanzania mfumo huo hatuna. Baya zaidi, marehemu hana msemaji. Kwa kuwa Ace alikuwa mtu mbaya, kifo chake hakiulizwi. Watu wa Ngara hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa komuni ya Rusumo ng'ambo ya mto, nchini Rwanda, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha mwaka 2004 miaka 30 kwa mauaji ya kimbari, na rufaa ya 2006 ikaifanya kifungo cha maisha. Kesi ile ilijengwa kwa mashahidi waliotajwa kwa herufi badala ya majina, mmoja baada ya mwingine, wakiwasemea waliokufa.

Sasa tuje kwetu, Mahakama ya Mwanzo. Kwa miaka mingi sheria haikuruhusu wakili kuingia humo, na hata baada ya kulegezwa, wengi bado wanajisemea. Hakimu anaandika kwa mkono: SM1, yaani shahidi wa kwanza wa mdai, SU1, yaani shahidi wa kwanza wa utetezi. Wazee wa baraza, wakiwepo, wanasikiliza. Kisha mdaiwa anaambiwa, "Una swali kwa shahidi?" Na shahidi ni kaka yake, anayemdai fedha za ndizi. Anaanza kulalamika, hakimu anamkata: "Uliza swali, usitoe maelezo." Anatafuta swali, halipati. Kimya kile kinafaa redio kuliko hotuba yoyote ya Barrymore, mradi mwandishi asikijaze muziki wa huzuni.

Baada ya chai, kila kundi liandike onyesho moja la ugomvi wa deni kati ya ndugu wawili. Wakili hayumo, na hakuna anayeruhusiwa kusema zaidi ya sentensi tatu kwa mpigo. Kuwe na kielelezo kimoja mezani kwa hakimu, na msikilizaji akitambue kwa sauti yake tu.