MWAKA MMOJA KIWANDANI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa familia)



Nimetakiwa nizungumze na vijana juu ya masomo ya uhandisi wa mitambo na umeme. Mimi si mhandisi. Nilikuwa karani Unguja, nikahamia Uingereza mwaka 1986 nikiwa na umri wa miaka 28, nikaitumikia halmashauri ya mji hadi nilipostaafu. Umri wangu umepita baina ya mafaili. Machache ninayoyajua kuhusu uhandisi nimeyajua kwa sababu nilikosana na binti yangu, na naona ni wajibu wangu kuyasema ili wazazi wenzangu wasirudie kosa langu.

Binti yangu aliingia chuo kikuu mwaka 2006. Mwaka wake wa pili ulipokaribia kwisha, alinijia akaniambia, "Baba, mwakani siendi darasani. Naenda kiwandani mwaka mzima, kisha nitarudi kumaliza." Nilikataa katakata. Nilimwambia kwamba sikuihama nchi yangu ili mwanangu avae ovaroli na kujipaka grisi, na kwamba mwaka ule ungepotea bure. Mama yake alijaribu kutusuluhisha, asifaulu. Mtoto akaenda bila ya radhi yangu, na kwa miezi mitatu tukawa tunasalimiana kwa simu kama wageni.

Kumbe asiyejua nilikuwa mimi. Hapa Uingereza utaratibu huu si jambo geni. Chuo cha Ufundi cha Sunderland kiliuanza mwaka 1903, na vyuo vya ufundi vilivyopandishwa daraja kuwa vyuo vikuu mwaka 1966, kama vile Brunel, Loughborough na Bath, viliendelea nao. Wenyeji wameupa jina la sandwichi, kwa kuwa kazi hutiwa katikati ya masomo kama nyama baina ya vipande viwili vya mkate. Aghalabu mwanafunzi husoma miaka miwili, hufanya kazi mwaka mmoja kwa mshahara, kisha hurudi kumaliza.

Tulipoanza kuzungumza tena, nilimwuliza kwa nini achanganye mitambo na umeme, asichague kimoja. Alinijibu kwa mfano wa pampu ya maji. Mota yake ni umeme. Shafti, beringi na panga lake ni mitambo. Mota ikiungua, fundi wa umeme ataisuka upya. Lakini ikiwa shafti haikunyooka, beringi zitaharibika, mota itabeba mzigo uliozidi nguvu zake, nayo itaungua tena. Kila fundi atamlaumu mwenzake, na mwenye pampu atabaki na ndoo mkononi.

Kiwanda alichokwenda kilikuwa kikitengeneza pampu. Katika mwezi wa kwanza alikosea. Mota ya fezi tatu huzunguka upande mmoja au mwingine kwa kufuata mpangilio wa nyaya zake; mbili zikibadilishana nafasi, mota huzunguka kinyume. Pampu ya namna ile ikizunguka kinyume haisimami, bali hutoa maji machache. Yeye alizibadilisha nyaya bila kujua, akaandika daftarini kwamba pampu ni mbovu. Fundi mmoja mzee wa Kiingereza hakumkaripia. Alimwambia asikilize mlio wake, akazima umeme, akageuza nyaya mbili, akawasha, akamwambia asikilize tena.

Ndugu zangu, wengi wenu mnaikumbuka Disemba ya mwaka 2009, umeme uliokuwa ukija Unguja kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulipokatika, usirudi hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, na mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa akingoja ndoo ya maji kwa hisani ya majirani. Umeme uliporudi, pampu ya kisima cha mtaani kwetu ilifunguliwa, ikatengenezwa na kurudishwa, lakini maji yakawa yanadondoka kama machozi. Ilisemwa kwamba kisima kimekauka. Wazee wakaanza kuchangishana wachimbe kingine, nasi wa huku tukaombwa mchango.

Binti yangu alimaliza masomo mwaka ule, akaenda kumzuru bibi yake. Alisimama kisimani akasikiliza. Kisha kwa adabu akamwuliza fundi iwapo nyaya zilifunguliwa wakati wa matengenezo. Zilifunguliwa. Wakazima umeme, wakageuza mbili, wakawasha. Jioni ile mama alinipigia simu: "Mwanao katoa maji." Niliomba nipewe binti yangu, nikamtaka radhi. Aliniambia, "Kanuni niliisoma mwaka wa kwanza, Baba. Lakini mlio wa pampu inayokwenda kinyume sikufundishwa darasani."

Vijana, sisemi kwamba kila kiwanda ni shule. Mpwa wangu mmoja alimaliza mwaka wake akipiga nakala za karatasi. Kwa hivyo, kwanza, kabla ya kukubali nafasi ulizeni mtasimamiwa na nani na mtashika kazi gani. Pili, anzeni kutafuta mapema, tangu mwanzo wa mwaka wa pili, wala msivunjike moyo kwa barua za kukataliwa. Tatu, hakikisheni kwamba digrii yenu inatambuliwa na taasisi za wahandisi, kama ile ya Wahandisi wa Mitambo iliyoasisiwa mwaka 1847. Nne, wanaokuja kutoka nyumbani kwa viza ya masomo wamwone kwanza mshauri wa chuo, kwani kazi hiyo ni lazima iwe sehemu ya masomo yao. Na wazazi wanaoogopa gharama wajue kuwa kwa kanuni za sasa za England, ada ya chuo kwa mwaka mzima wa kazi haizidi moja ya tano ya kiwango cha juu cha ada ya kawaida.

Wazazi wenzangu, wahenga walisema elimu bila amali ni kama mti usio na matunda. Mtoto akikujieni na habari ya ovaroli, msifanye haraka kuona haya. Mimi niliona haya, na miezi ile mitatu ya ukimya hairudi.