Adabu ya Moto: Maneno ya Katibu kwa Wanachama



Katika sherehe hii ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wenzetu wamekwisha kusema juu ya bei, juu ya madeni na juu ya miche mipya ya minazi. Sisi wa ofisi ya katibu tumepewa jambo linaloonekana dogo, nalo ni moto. Lakini mkulima wa mwambao huu, tangu Mlingotini na Kaole hadi Saadani, hana chakula bila moto, na siku za mvua hana mbata bila moto. Basi yafaa tuujue.

Kuwaka ni kitu kuungana na oksijeni kwa nguvu hata kikatoa joto na mwanga. Katika kila sehemu 100 za hewa, oksijeni ni 21 hivi. Zilizobaki karibu zote ni naitrojeni, ambayo haiusaidii moto. Hivyo moto wahitaji vitu vitatu: kitu cha kuwaka, hewa, na joto la kuanzia. Kimoja kikikosekana, moto hufa. Hewa ikipungua tu, moto haufi bali huharibika. Na moto ulioharibika ndio adui tunayetaka kumtaja leo.

Jiko la gesi latufundisha jambo hili waziwazi. Gesi hutoka mtungini, ikapita katika tundu jembamba kama la sindano, ikachomoka kwa kasi. Kasi ile huvuta hewa kupitia uwazi ulio kando ya bomba. Gesi na hewa huchanganyika humo ndani, kisha hutokea kwenye matundu ya kichwa cha jiko, na hapo huwaka. Mwali hutaka kurudi ndani. Mchanganyiko huusukuma nje. Mambo hayo mawili yakilingana, mwali husimama mahali pake. Mchanganyiko ukienda kasi mno, mwali huruka na kuzimika. Ukienda polepole mno, mwali huweza kuingia bombani. Mtaalamu Robert Bunsen wa Heidelberg, Ujerumani, alipata sifa kwa kichomeo cha namna hii mwaka 1855.

Tuutazame sasa mwali wenyewe. Ukiwa wa buluu, hewa imetosha: gesi yote imekuwa mvuke wa maji na kaboni dayoksidi. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi chini ya sufuria, hewa haikutosha. Ile manjano ni chembe za kaboni zinazong'aa kwa joto kabla ya kuungua. Masizi hayo ni fedha yenu iliyogandama kwenye sufuria. Yapasa kusafisha matundu na uwazi wa hewa.

Tena gesi si moja. Gesi ya Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, karibu yote ni methani. Ni nyepesi kuliko hewa, nayo ikivuja hupanda juu. Gesi ya mitungi ni propani na butani. Ni nzito, nayo ikivuja hutambaa sakafuni na kutuama kama maji. Kipimo kimoja cha methani chataka vipimo 10 hivi vya hewa. Cha propani, 24 hivi. Kwa hiyo tundu la jiko la gesi moja halifai kwa gesi nyingine. Harufu mnayoisikia imetiwa makusudi ili tuonywe. Mkiisikia, msiwashe kibiriti wala taa. Fungeni mtungi, fungueni milango, tokeni nje.

Ndugu wanachama, wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Sisi tumejifunza kwamba si kila moto wa hatari hufuka moshi. Masika moja, mlinzi wa ghala la mbata aliingiza jiko la makaa ndani apate joto. Milango na madirisha yalikuwa yamefungwa, kwa kuwa sisi wenyewe tulimwagiza afunge mbata zisilowe. Juu ya jiko hatukumwambia neno. Alfajiri alikutwa amelala hajitambui. Alitolewa nje akapona, alhamdulillahi. Lakini kosa lilikuwa letu, na hatulifichi katika kitabu hiki cha sherehe. Makaa yakikosa hewa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu hukosa pumzi huku akivuta hewa.

Sasa tulijibu swali ambalo wengi wametuuliza: je, tutie gesi katika matanuri ya mbata? Nyama ya nazi mbichi, karibu nusu yake ni maji. Mbata njema hubakiwa na maji sehemu 6 hivi katika 100. Kuyatoa maji hayo kwahitaji joto jingi, na vifuu tunavyo bure. Kununua gesi ni kulilipia joto tunalolitupa jalalani. Vifuu vikavu, vikipangwa mstari kimoja ndani ya kingine na kuwashwa ncha moja, huungua polepole kwa moshi haba. Makumbi mabichi ndiyo yatoayo moshi mwingi, na moshi huitia mbata weusi na kuishusha bei. Shauri letu ni hili: tanurini vifuu vikavu na hewa ya kutosha, gesi iende jikoni.

Huko jikoni mama zetu na dada zetu wamevuta moshi miaka mingi kwa ajili yetu. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ili ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania waitumie. Chama cha wakulima hakistahili kuwa nyuma katika hilo.

Basi kila mmoja wetu arudipo kwake jioni hii, autazame mwali wa jiko lake, na afungue dirisha. Mbata iliyoharibika hukaushwa nyingine. Mwanachama hana badali.

Ushirika udumu.