Chombo Kisiende Mrama: Somo la Ngalawa Hadi Angani

Mazungumzo kwa vijana na wazazi wa Gazi, Kaunti ya Kwale



Kijana ameketi mbele ya kompyuta akicheza Kerbal Space Program, mchezo wa kuunda roketi na kuirusha, uliotolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2011. Chombo chake kimefika angani. Anabonyeza herufi Q ili kibiringike upande wa kushoto, lakini hakibiringiki. Anakiongezea thrasta, yaani vijiinjini vinavyosukuma kwa kutoa gesi. Sasa chombo kinasogea kando badala ya kugeuka. Mzazi akipita nyuma yake huona ni kupoteza wakati tu. Hata hivyo, swali linalomsumbua kijana huyo mafundi wa ngalawa walilijibu zamani: kifaa cha kuzuia chombo kisiende mrama kiwekwe wapi?

Mtumbwi mwembamba ukiachwa peke yake hupinduka upesi. Fundi hautwishi mzigo ili utulie. Huukingamishia miti miwili, kisha hufunga matengo kwenye ncha zake, moja kila upande. Tengo ni ubao mdogo, lakini liko mbali na katikati ya chombo, na umbali huo ndio unaolipa nguvu. Asiyeamini asukume mlango karibu na bawaba, kisha ausukume kwenye ukingo. Ukingoni hufunguka kwa kidole kimoja.

Angani mambo ni hayo hayo. Katika mchezo huo, thrasta iliyobandikwa kwenye tangi lenye kipenyo cha mita 1.25 iko sentimita 62.5 kutoka kwenye mhimili wa chombo. Kwenye tangi la mita 2.5, iko sentimita 125. Msukumo ni ule ule, lakini uwezo wa kuzungusha ni mara mbili, ingawa tangi kubwa nalo ni zito zaidi kulizungusha.

Mchezaji akumbuke mambo matatu. Kwanza, thrasta ielekee kando ya mzingo wa chombo. Ikisukuma moja kwa moja kuelekea katikati, haitazungusha chochote. Pili, ziwe jozi zinazokabiliana, moja ikisukuma huku na nyingine kule. Thrasta moja pekee hukisogeza chombo kando, kama ilivyomtokea kijana wetu. Tatu, ziwekwe karibu na usawa wa kitovu cha uzito, na akumbuke kwamba kitovu hicho huhama mafuta yanapopungua.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya bahari na anga. Ngalawa ikiinama, maji hulisukuma tengo juu na chombo hurudi sawa. Angani hakuna maji wala upepo wa kuzuia mzunguko. Chombo kikianza kuzunguka huendelea hadi kisukumwe kinyume kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo mchezaji mzuri hubonyeza kidogo, husubiri, kisha hubonyeza upande wa pili.

Jambo hili nusura liue watu. Tarehe 16 Machi 1966, Neil Armstrong na David Scott wa Marekani walikuwa ndani ya Gemini 8 wakati thrasta moja ilipokwama ikiwa wazi. Chombo kilizunguka hadi kufikia karibu mzunguko mmoja kwa sekunde, kiwango cha kuweza kuwapotezea fahamu. Armstrong alizima mfumo huo wa thrasta na kutumia ule uliotengwa kwa ajili ya kurudi duniani, chombo kikatulia. Safari ilikatizwa, wakarudi salama.

Sayansi hii imefanya kazi pia kwenye pwani yetu. Huko Ngomeni, Kaunti ya Kilifi, Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco baharini, na kati ya 1967 na 1988 roketi za Scout zilirushwa kutoka hapo. Hatua ya pili na ya tatu ya roketi hizo zilielekezwa kwa thrasta ndogo. Hatua ya nne ilizungushwa makusudi ili isiyumbe, kama pia inavyosimama ikizunguka. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi moja ilibeba setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Nayo ilizunguka polepole ikichunguza miale ya eksirei kutoka angani. Mzunguko hauna ubaya ukiwa na anayeuongoza.

Wazazi, mtoto ana masomo na kazi za nyumbani, na mchezo uwe na saa zake. Lakini kabla ya kuizima kompyuta, muulizeni: chombo chako kimezunguka kwa nini, na utakizuiaje? Akijibu vizuri, amejifunza fizikia. Akishindwa, mpelekeni ufuoni, amwombe fundi amweleze kwa nini tengo likawekwa pale na si karibu zaidi. Kenya ilirusha setilaiti ya Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, na zitakazofuata zitahitaji watu wanaojua jibu hilo. Baadhi yao wanaweza kutoka Gazi.